Paka mzee mwenye figo zilizochoka: mwongozo kamili wa kumtunza nyumbani

Dalili ya kwanza mara nyingi huioni kwa paka mwenyewe, unaiona kwenye bakuli la maji. Bakuli lililokuwa likimtosha siku mbili sasa linakauka kabla ya jioni, na kwenye sanduku la choo mabonge ya mchanga yamekuwa makubwa kama ngumi. Wengi wetu tukiona hivyo hufurahi: mzee siku hizi anakunywa maji vizuri. Mimi nilifurahi miezi miwili mizima.

Paka wa nyumbani ametokana na paka-pori wa sehemu kame, na figo zake zimeumbwa kubana maji mpaka tone la mwisho. Mkojo wake wa kawaida ni mchache na mzito. Figo zikichoka, kazi hiyo ya kubana maji ni miongoni mwa za mwanzo kuharibika. Mkojo hutoka mwingi na mwepesi, naye anakunywa ili kufidia kile kilichopotea. Kwa hiyo anakunywa kwa sababu anakojoa, wala si kinyume chake. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaomwondolea paka bakuli usiku ili asilowanishe nyumba. Usifanye hivyo hata siku moja. Ukimnyima maji unamkausha, na kukauka ndiko kunakomaliza figo zilizobaki.

Dalili nyingine huja polepole: anakonda mgongoni na kiunoni, manyoya yanakosa kung'aa, anatapika mara kwa mara, mdomo unanuka vibaya, analala zaidi. Kila moja ukiitazama peke yake utasema ni uzee. Ugonjwa huu huwapata sana paka waliovuka miaka 10, na hauponi. Lakini aliyegunduliwa mapema anaweza kuishi miaka, tena miaka mizuri. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika jikoni na sakafuni kwako, daktari anabaki kukuongoza.

Hatua ya 1: Pata vipimo vyote, na uombe nakala

Kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Kwenye damu yanatazamwa kreatinini na SDMA (taka mbili ambazo figo nzima huzitoa), fosforasi, potasiamu na wingi wa chembe nyekundu. Kwenye mkojo unatazamwa uzito wake na kama kuna protini inayovuja. Kisha shinikizo la damu lipimwe kwa mkanda mdogo unaofungwa mguuni au mkiani. Hiki cha mwisho husahaulika sana, kikumbushe wewe. Na kwa kuwa paka ni mzee, omba tezi dundumio, ile tezi ya shingoni, nayo ipimwe: ikifanya kazi kupita kiasi husukuma damu nyingi kwenye figo na kufanya majibu yaonekane mazuri kuliko hali halisi.

Madaktari hugawa ugonjwa huu katika hatua 4 kwa kutumia kreatinini. Chini ya mikromoli 140 kwa lita (miligramu 1.6 kwa desilita) ni hatua ya kwanza, na hapo ugonjwa hutambuliwa kwa dalili nyingine kama mkojo mwepesi. Kuanzia 140 hadi 250 (1.6 hadi 2.8) ni ya pili. Kutoka hapo hadi 440 (5.0) ni ya tatu, na zaidi ya hapo ni ya nne. Hatua hupangwa kwa paka ambaye hali yake imetulia na mwili wake una maji ya kutosha. Paka aliyekauka, aliyetapika siku mbili, atatoa namba ya kutisha ambayo inaweza kushuka akishawekewa dripu. Usikate tamaa kwa karatasi ya siku ya kwanza.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka unaposoma karatasi hiyo. Kreatinini huchelewa kupanda. Kwa kawaida huvuka mpaka wakati takriban robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea. SDMA huonyesha mapema zaidi. Pia kreatinini hutoka kwenye misuli, hivyo paka aliyekonda sana anaweza kuwa na namba ya kupendeza kwa sababu tu hana misuli iliyobaki ya kuitengeneza.

Hatua ya 2: Daftari na mizani

Kabla hujanunua dawa wala chakula maalumu, tafuta mizani. Ya kupimia watoto wachanga inafaa, au ya jikoni iliyo kubwa ukimweka paka ndani ya beseni. Mpime mara moja kwa juma, siku ileile, kabla ya kula. Macho yetu hayaoni paka tunayemwona kila siku akikonda. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200 ameshapoteza asilimia 5 ya mwili wake, na hilo latosha kumpigia daktari simu.

Kwenye daftari andika uzito, alichokula (nusu bakuli, robo, amenusa tu), mara alizotapika, siku alizopata choo kikubwa, na dawa alizomeza. Mara mojamoja pima na maji: mimina kiasi unachokijua asubuhi, kesho yake pima kilichobaki. Paka mzima wa afya kwa kawaida havuki mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akivuka 100 hakuna tena ubishi. Daktari humwona paka wako dakika 15 kila baada ya miezi kadhaa, tena paka akiwa amejikunja kwa hofu. Daftari ndilo linalomweleza siku zilizobaki.

Hatua ya 3: Maji yaingie kwa kila njia

Chakula cha majimaji cha kopo au cha pakiti kina maji kama robo tatu ya uzito wake au zaidi. Kile kikavu kina takriban moja ya kumi. Kumtoa paka kwenye kikavu kumpeleka kwenye cha majimaji ni msaada mkubwa kuliko mabakuli yote utakayonunua. Ongeza na kijiko kimoja au viwili vya maji ya uvuguvugu juu yake, polepole, asije akakisusa.

Weka mabakuli sehemu kadhaa za nyumba, mapana ili masharubu yasiguse kingo, mbali na chakula na mbali zaidi na choo. Badilisha maji kila siku. Wengine hupenda maji yanayotiririka. Mchuzi wa kuku uliochemshwa bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu unaweza kumvutia, ila vitunguu ni sumu kwa paka hata vikichujwa, kwa hiyo mchuzi wa chungu cha familia haumfai.

Hatua ya 4: Chakula, na hapa usiwe na haraka

Chakula maalumu cha figo kimepunguzwa fosforasi, kina protini ya kiasi lakini bora, kimeongezwa potasiamu na mafuta ya omega-3. Kati ya yote tunayoweza kumfanyia paka wa hatua ya pili na kuendelea, hiki kina ushahidi mzuri kwamba kinaongeza maisha. Siri kubwa iko kwenye fosforasi: figo dhaifu hushindwa kuitoa, inajilimbikiza kwenye damu, nayo inazidi kuharibu figo. Lengo katika hatua ya pili ni kuiweka chini ya miligramu 4.6 kwa desilita, ya tatu chini ya 5.0, ya nne chini ya 6.0.

Shida ni kwamba paka hajasoma karatasi ya daktari.

Usimbadilishie chakula siku anapotoka kliniki akiwa na kichefuchefu. Paka akila kitu huku tumbo linamsumbua, akili yake inafunga kile chakula pamoja na ule ugonjwa, na hatakigusa tena, hata mwaka mzima. Subiri atulie, ale vizuri chakula chake cha zamani. Kisha weka kijiko kidogo cha chakula kipya kwenye kisahani cha pembeni, kwa siku kadhaa, bila kumlazimisha. Akianza kukionja, changanya kidogo na cha zamani: sehemu moja kwa tisa, kisha mbili kwa nane, ukiongeza kila baada ya siku chache. Majuma 4 ni kawaida. Miezi miwili pia ni kawaida. Akigoma, rudi hatua moja nyuma. Akigoma kabisa, jaribu aina nyingine, kwa maana ladha na ulaini hutofautiana sana, na anayekataa cha kusagwa huenda akapenda cha vipande.

Kipashe kifikie joto la mwili, harufu ipande, kwani paka hula kwa pua. Mpe kidogokidogo mara 4 au 5 kwa siku. Usimfiche dawa chungu ndani ya chakula hiki. Utaua juhudi za miezi kwa kidonge kimoja.

Ikishindikana, nina msimamo ambao baadhi ya watu hawaupendi: paka anayekula chakula kisichofaa figo yuko salama kuliko paka asiyekula kile kinachofaa. Paka aliyekaa siku mbili tatu bila kula anaweza kujaza mafuta kwenye ini, na hilo linaweza kumuua kabla figo hazijafika zamu yao. Mwache ale cha majimaji cha kawaida, uchague chenye fosforasi ndogo, kisha umwulize daktari kuhusu dawa ya kunasa fosforasi. Dawa hiyo, kwa mfano hidroksidi ya alumini, hufanya kazi tumboni ikikutana na chakula. Ukimpa saa mbili baada ya kula, umeitupa.

Na wale wanaopika nyumbani: nyama tupu haifai. Ina fosforasi nyingi na haina kalsiamu ya kutosha, na taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kuishi bila hicho, hupungua ikipikwa. Chakula cha nyumbani kinawezekana, ila kipangwe na mtaalamu wa lishe ya wanyama.

Hatua ya 5: Jua tofauti ya kukataa na kushindwa

Mtazame anapokaribia bakuli. Anayekataa hunusa, hukutazama kama aliyetukanwa, huondoka. Mwenye kichefuchefu huja kwa hamu, huinama, kisha hulamba midomo, humeza mate na kurudi nyuma. Anataka, hawezi. Huyo ukimbadilishia vyakula 10 unampotezea muda, anahitaji dawa. Maropitanti huzuia kutapika. Mirtazapini huamsha hamu ya kula, na ipo pia ya kupaka ndani ya sikio, jambo la rehema kwa sisi tunaochubuliwa mikono kwa kila kidonge. Ipake kwa glavu. Mwombe daktari amwangalie na mdomo pia, maana sumu ambayo figo zimeshindwa kuitoa huweza kuleta vidonda kwenye ulimi na fizi, na meno mabovu ya uzee humfanya yeyote agome kula.

Kumsukumia chakula kwa bomba la sindano mdomoni sipendi. Anachukia chakula, halafu anakuchukia wewe. Hali ikiwa ya muda mrefu, uliza kuhusu mpira wa kulishia unaowekwa shingoni. Unatisha kwa macho, lakini paka wengi hawaujali, na chakula, maji na dawa vyote hupita humo bila ugomvi.

Hatua ya 6: Maji ya dripu chini ya ngozi

Si kila paka anayahitaji. Kwa kawaida huanza hatua ya tatu ya ugonjwa, au anapokauka mara kwa mara ingawa anakunywa. Kiasi, aina ya maji na idadi ya siku aandike daktari. Wengi hupewa kati ya mililita 75 na 150 kwa mara moja, wengine kila siku, wengine mara mbili kwa juma. Mara ya kwanza fanya ukiwa naye daktari, umtazame, kisha akutazame.

Andaa kila kitu kabla ya kumshika paka. Tumbukiza mfuko wa maji kwenye beseni la maji ya moto kiasi mpaka uwe wa uvuguvugu, ujaribu matone kwenye kifundo cha mkono kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Usiutie kwenye maikrowevu. Maji yakiwa na ukungu au vipande vinavyoelea, tupa mfuko. Utundike juu kuliko paka, kama urefu wa mkono, na ufungue maji kidogo yatoe hewa kwenye mpira. Weka sindano mpya kila mara. Namba 18 hupitisha maji haraka, namba 20 ni nyembamba zaidi lakini utasubiri. Kwenye sindano namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo.

Mweke mezani au mapajani akiwa ameelekea upande mmoja na wewe, ajisikie ameshikwa tu na si kwamba amebanwa. Nyanyua ngozi iliyolegea kati ya mabega, itengeneze hema. Ingiza sindano chini ya hema, sambamba na mgongo, upande uliochongwa ukitazama juu. Ingiza kwa mwendo mmoja thabiti. Kusita ndiko kunakouma. Fungua maji, ukitazama namba kwenye mfuko. Siku yangu ya kwanza sindano iliingia upande huu wa hema na kutokea upande wa pili, nikalowesha taulo, suruali na meza, na paka peke yake akabaki mkavu. Ukihisi unyevu, funga, anza upya.

Kivimbe laini kitatokea, kisha kitateremka kwenye bega au mguu wa mbele na kunyonywa ndani ya saa kadhaa. Hilo ni sawa. Ukimaliza, funga, chomoa, bana tundu kwa vidole kama dakika moja. Tone la damu au maji yanayovuja kidogo yasikutie hofu. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko.

Acha kumwekea na umpigie daktari iwapo kivimbe cha jana bado kipo, au paka anapumua haraka. Hesabu pumzi akiwa amelala usingizi mzito: zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, huenda maji yanajaa kifuani, hasa kama ana ugonjwa wa moyo ambao haujulikani. Maji mengi si lazima yawe maji bora.

Hatua ya 7: Mambo manne yanayoambatana na figo

Shinikizo la damu (namba ya juu) likikaa 160 na zaidi hutibiwa, kwa kawaida na amlodipini au telmisartani. Lisipotibiwa linaweza kung'oa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na paka anaamka kipofu, mboni zimepanuka, anagonga viti. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, kwani akiwahiwa wakati mwingine huona tena.

Potasiamu ikishuka paka hulegea, na ikizidi kushuka hushindwa kuinua kichwa, kidevu kikaning'inia kuelekea kifuani. Hurekebishwa kwa unga au kidonge, lakini usimpe bila kipimo kwa sababu iliyozidi husimamisha moyo.

Choo kigumu ni matokeo ya kukauka. Paka aliyepitisha siku mbili au tatu bila choo kikubwa anahitaji msaada, na mara nyingi maji zaidi hutosha. Laini choo kwa dawa aliyoandika daktari, usimpe za watu.

Upungufu wa damu huja kwenye hatua za mwisho, kwa kuwa figo ndizo zinazotoa homoni inayoamuru damu itengenezwe. Fizi zinakuwa nyeupe, paka anachoka kwa hatua chache. Tiba ipo, ila iko mikononi mwa daktari.

Hatua ya 8: Nyumba ya mzee

Anakojoa sana, viungo vinamuuma, na haoni sababu ya kupanda ngazi. Mwekee masanduku ya choo zaidi ya moja, yenye ukuta mfupi upande mmoja, karibu na anapolala, na uyasafishe mara mbili kwa siku. Akikojoa nje ya choo, kwanza jiulize kama alifika kwa wakati. Pia figo hizi huleta maambukizi ya mkojo, hivyo mkojo upimwe. Mpe kitanda chenye joto mahali pa chini. Mchane manyoya, kwani mgongo wake haumfikishi tena kila mahali. Kata kucha, maana za wazee hunenepa na kujipinda.

Ondoa maua ya lili nyumbani, yote, hata maji ya chombo chake: chavua kidogo aliyoilamba kwenye manyoya inatosha kuua figo nzima. Parasetamoli inaua paka. Ibuprofeni na dawa nyingine za maumivu za watu zinaharibu figo. Kila daktari mpya anayemwandikia dawa mwambie mapema kuhusu figo, kwa maana dozi nyingi hubadilika.

Hatua ya 9: Lini ukimbie, lini uachie

Kimbia hospitali akikaa saa 24 bila kula chochote, akitapika mfululizo, akishindwa kusimama, akipofuka ghafla, akipata degedege, au akienda sandukuni mara nyingi bila mkojo kutoka. Akiwa ametulia, vipimo kila miezi 3 hadi 6 vinatosha. Hatua ya nne ya ugonjwa huhitaji mapema zaidi.

Utakuja wakati ambapo daftari litakueleza jambo usilolitaka. Anza kuweka alama kila jioni: siku njema au siku mbaya. Siku njema ni ile aliyokula kwa hiari, akajisafisha, akaja mwenyewe kukaa karibu na mtu. Alama mbaya zikizidi njema kwa majuma mawili, na daktari ameshajaribu dawa ya kichefuchefu, maji na potasiamu, zungumzeni kuhusu kumpumzisha. Zungumzeni kabla ya usiku wa dharura, kwa sababu usiku huo utaamua ukiwa na hofu. Uliza kama daktari anaweza kuja nyumbani, na mwombe ampe kwanza dawa ya usingizi akiwa mapajani mwako, ile ya mwisho ifuate akishalala. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, akitaka samaki, mpe samaki. Fosforasi haina tena la kusema.